Laini ya Mtondoo Haina Umeme

Paliondokea nchi moja ambayo jina lake tutalisitiri, maana wenyewe hawapendi kutajwa, na sisi tungali tunapenda kulala majumbani mwetu. Ilikuwa nchi ya heri. Ilikuwa na mito miwili, mlima mmoja, mawaziri arobaini na wanne, na umeme ambao haujapata kukosea. Hili la mwisho ndilo lililotukalisha hapa.

Watu wa nchi nyingine hujenga kwanza nguzo, nyaya na vituo vya kupoza umeme, kisha huvichora ndani ya kompyuta ili walioko kwenye chumba cha kuongozea wajue kipi kimeungana na kipi. Nguzo ikihamishwa, mchoro nao hurekebishwa. Hivyo ndivyo wafanyavyo watu wasiojiamini. Katika nchi yetu hii mchoro uliitwa Kielelezo Kikuu cha Gridi ya Taifa, na siku ya uzinduzi Mkuu wa Nchi mwenyewe alibonyeza kitufe cha dhahabu, akaitazama skrini kitambo, akatamka maneno ambayo yamechongwa ukutani mpaka leo: "Huu ndio umeme wetu. Umekamilika."

Sasa kitu kilichokamilika utakiongeza nini? Na kitu ambacho Mkuu amekitazama asione kasoro, nani ana jicho la kumzidi? Wataalamu walikaa hotelini wiki tatu wakilitafakari swali hilo, wakatoka na Kanuni ya Uhakiki. Kila badiliko linaloombwa, ilisema Kanuni, lilinganishwe na Kielelezo chenyewe, na kila mahali litakapotofautiana nacho, tofauti hiyo ihesabiwe kuwa kosa. Badiliko litakaloonekana halina tofauti yoyote likubaliwe mara moja, bila urasimu.

Msicheke. Kanuni ilizaa matunda. Kwa miaka kumi na mmoja Kielelezo hakikuingiwa na kosa hata moja, na wageni wakawa wanatoka ng'ambo kuja kukipiga picha. Transfoma ya Bondeni iliibwa mwaka wa pili, ikaondoka mchana kweupe juu ya mkokoteni wa ng'ombe, lakini ndani ya Kielelezo iliendelea na kazi, na kwa kuwa tangu hapo haikupata kuharibika ilitunukiwa cheti cha transfoma bora ya kanda. Wakazi wa Bondeni walipoandamana na vibatari mkononi, mkuu wa wilaya aliwasomea kwenye karatasi kwamba wao wana umeme saa ishirini na nne, akawaonya wasiutumie ovyo.

Kazi ya kulinganisha mabadiliko na Kielelezo ilikuwa ya Chiku Malenda, mwanamke wa makamo, Mhakiki Daraja la Pili, mwenye meza, feni na mihuri miwili. Muhuri mmoja ulisomeka IMEKUBALIWA, na mpira wake ulikuwa haujagusa wino. Wa pili ulisomeka KOSA, nao ulikuwa umelika hata herufi zimeanza kufutika. Chiku hakuwa mtu mbaya. Asubuhi aliweka fomu kushoto na Kielelezo kulia, akatafuta tofauti, akaiona, akagonga muhuri, na jioni akarudi nyumbani na dhamiri iliyopigwa pasi.

Aliyemharibia raha hiyo alikuwa shemeji yake, Mbaruku, mume wa mdogo wake Mwanahawa. Mbaruku alikuwa fundi wa laini, mtu wa kupanda nguzo kwa miaka ishirini, na alikuwa na ugonjwa mmoja: akiona kitu hawezi kusema hajakiona.

Alichokiona ni hiki. Mama mzazi wa Waziri wa Nishati alihamia nyumba mpya huko Mtondoo, na katika maandalizi ya sherehe taa zikawa zinapepesa. Haikuwezekana mama wa mwenye umeme wa nchi nzima akate keki gizani. Vijana wa wizara wakaja Jumamosi na gari lisilo na namba, wakaiunganisha laini ya Mtondoo na laini ya Vigaeni, keki ikakatwa, wakaondoka zao. Fomu hawakujaza, kwa sababu kujaza fomu ni kukiri kwamba Kielelezo kilipungukiwa na kitu. Tangu siku hiyo laini ya Mtondoo ikawa inapata umeme kutoka pande mbili, na Kielelezo kikawa kinaujua upande mmoja.

Mbaruku akajaza fomu yeye. Akaileta mwenyewe, akaiweka mbele ya Chiku kwa mikono miwili.

"Shemeji," alisema, "hapa nimeandika roho yangu. Tafadhali usiigonge huo muhuri uliochakaa."

"Roho yako kaiandikishe kwa mkeo," Chiku akamjibu. "Hapa tunapokea nyaya tu."

Wakacheka wote wawili, maana shemeji na shemeji hawaachi utani. Kisha Chiku akaweka fomu kushoto na Kielelezo kulia, akaona kiungo kimoja kisichokuwepo, akagonga KOSA. Miezi sita baadaye Mbaruku akaileta tena fomu ileile, na Chiku akaigonga tena huku akimwuliza habari za mtihani wa watoto. Mara hiyo Mbaruku hakucheka. Aliikunja fomu mara nne, akaitia mfukoni, akaaga kwa adabu.

Mwaka huohuo ukatoka waraka wa kuzirudisha ghalani fimbo za kupimia umeme. Waraka ulieleza kwa upole kwamba fundi anayeupima waya kabla ya kuushika anakitilia shaka Kielelezo, na shaka ni mbegu ya uchochezi. Kuanzia hapo fundi aliyetaka kujua kama waya una umeme alipaswa kupiga simu chumba cha kuongozea, nao wangetazama skrini wamwambie. Fundi mmoja wa kanda ya magharibi alikataa kupanda bila fimbo. Alishitakiwa kwa kukidhalilisha Kielelezo, akavuliwa ufundi, na sasa ni mlinzi wa ghala zilikofungiwa fimbo.

Basi ikakaribia Siku ya Nuru ya Taifa, na Mkuu wa Nchi alikuwa apite Mtondoo kumsalimu mama wa Waziri. Ikatoka amri kwamba vikombe vya laini ya Mtondoo, vile vya kaure vinavyoshika waya juu ya nguzo, vibadilishwe vyote ving'ae. Jina la fundi kwenye amri lilikuwa la Mbaruku. Siku ilikuwa Alhamisi.

Jumapili iliyotangulia Chiku alikwenda kula kwa mdogo wake kama kawaida. Mwanahawa alikuwa amepika wali wa nazi na kunde, lakini mumewe alizungusha vidole pembeni ya sahani bila kumega kitu. Alieleza bila kupandisha sauti. Alhamisi atapiga simu. Watakata umeme upande wanaouona. Skrini itawaambia laini imekufa, nao watamwambia panda, na upande wa Vigaeni umeme utakuwa unakuja kama kawaida. Chiku akamuuliza kwa nini asikatae. Mbaruku akamkumbusha habari za yule mlinzi wa ghala, akamwonyesha kwa kidevu kuta za nyumba waliyokaa, ambayo ilikuwa ya shirika, na watoto wawili waliokuwa wakigombea mnofu. Akasema pia kwamba akikataa yeye atatumwa mwingine asiyejua.

Mwanahawa alipokuja kuondoa sahani alisema neno moja tu, naye hakulisema kwa ukali.

"Dada, mwenye muhuri si wewe?"

Usiku ule Chiku hakulala vizuri, na ilimuuma zaidi kwamba miaka yote hiyo alikuwa akilala.

*

Jumanne aliichukua ile fomu kwa Mbaruku, akaipeleka mwenyewe pamoja na mihuri mbele ya Jopo la Uhakiki. Jopo lilikuwa na wajumbe sita, na saini ya saba ilikuwa ya mhakiki. Mwenyekiti alikuwa Mheshimiwa Mhandisi Ngwanda, mtu mnene, mpole, mwenye shahada nne na viatu ambavyo havijapata kukanyaga tope. Alimsikiliza Chiku mpaka mwisho. Kisha akazungumza kwa dakika ishirini na tano juu ya historia ya nuru tangu kuumbwa kwa jua, akasifu moyo wa kujituma wa watumishi wa daraja la pili, akaishia kwa masikitiko.

"Bi Malenda, unatuomba tuongeze kitu ambacho hakipo."

"Kipo, Mheshimiwa. Kipo kwenye nguzo."

"Kwenye nguzo," akarudia Mheshimiwa Ngwanda, akilitamka neno kama jina la nchi ya mbali aliyopata kuisikia. "Lakini Jopo hili halihakiki nguzo. Linahakiki Kielelezo."

Chiku akasahau daraja lake. Aliwaambia kwamba Alhamisi mtu atapanda pale, kwamba mtu huyo ana jina na ana wanawe wawili, na kwamba yeye mwenyewe ameigonga fomu hii KOSA mara mbili huku akijua aliyeandika si mwongo. Wajumbe wakatazama sambusa zilizokuwa mezani. Mheshimiwa Ngwanda aliguswa kweli, akatoa leso, akasema Jopo si jiwe, akaomba lipewe nafasi lishauriane.

Chiku alikaa barazani saa nzima na nusu. Kisha mlango ukafunguka, na Katibu wa Jopo, kijana mtanashati aitwaye Shekimweri, akatoka na fomu mkononi, uso umemkunjuka. Kwenye ukurasa wa mwisho, kwa wino wa buluu usiopata kutumika, herufi zikiwa kali na nzima, palikuwa pamegongwa IMEKUBALIWA. Chini yake palikuwa na saini sita. Chiku akaweka ya saba palepale, ameegemeza karatasi ukutani. Hakufunua kurasa nyingine, kwani nani husoma habari njema mara mbili? Wajumbe walitoka mmoja mmoja wakampa mkono, na mjumbe mmoja mzee alifuta machozi, maana katika utumishi wake wote hakuwahi kushuhudia badiliko likikubaliwa.

Chiku alimpigia shemeji yake simu akiwa bado kwenye ngazi za jengo.

"Imekubaliwa, shemeji," alimwambia. "Muhuri nimeuona kwa macho yangu."

Mbaruku akacheka kicheko kirefu, kile cha zamani, na Chiku akamsikia akimwambia Mwanahawa kando ya simu kwamba dada yako kaniokoa, Ijumaa tunamchinjia jogoo.

*

Alhamisi saa nne asubuhi Mbaruku alipiga simu chumba cha kuongozea. Aliuliza kama fomu ya Mtondoo imeingia. Wakamjibu ndiyo, fomu imeingia na badiliko lote lililokubaliwa limewekwa kama lilivyo. Akauliza kama umeme umekatwa. Wakamwambia laini kwenye skrini imegeuka kijivu, yaani imekufa. Akaegemeza ngazi, akapanda.

Ilichukua saa moja na nusu kumteremsha, kwa sababu chumba cha kuongozea hakikuweza kuukata umeme ambao haukuwepo. Wenzake wawili walipiga simu mara tisa. Mwishowe mmoja aliendesha gari hadi Vigaeni, akavunja kufuli la kituo, akaikata swichi kwa mkono wake, na kwa kosa hilo la kuvunja kufuli kesi yake ingali inaendelea.

Chiku alipopata habari hakulia. Alishuka hadi masijala, akaitoa fomu, akafunua ukurasa wa pili. Jina la mwombaji lilikuwepo. Namba yake ya kazi ilikuwepo. Kwenye sababu ya badiliko paliandikwa kwa mwandiko wa Mbaruku: usalama wa fundi. Lakini pale palipotakiwa kuandikwa kiungo kinachoongezwa, pamoja na neno Vigaeni, palikuwa pamepakwa wino mweupe, kwa uangalifu mkubwa, bila kutoka nje ya mstari. Chini, kwenye kisanduku cha idadi ya tofauti, paliandikwa sifuri.

Katibu Shekimweri alimkuta amesimama na karatasi, naye kwa nia njema kabisa akamweleza. Jopo lilitaka sana kumsaidia. Walilitazama ombi lake kila upande, wakaona kwamba lina kosa moja tu, wakaliondoa.

"Lingekataliwa hivihivi, Bi Malenda," alisema. "Wazee walikuonea huruma."

Ndipo Chiku akajua kwamba aliyempandisha Mbaruku juu ya nguzo hakuwa Jopo wala chumba cha kuongozea. Mbaruku hakuiamini skrini hata siku moja. Alimwamini shemeji yake.

*

Ijumaa, siku ya jogoo, wakamzika. Waziri alituma shada la maua lenye umbo la balbu, na kwa kuwa maziko ya Kiislamu hayana mashada, dereva alirudi nalo. Toka makaburini nyumba ya mama wa Waziri ilionekana vizuri kule kilimani, taa za nje zote zikiwaka mchana, maana jana yake jioni swichi ya Vigaeni ilirudishwa.

Wizara ikatoa tamko. Ilisema kwamba wakati wa tukio laini ya Mtondoo haikuwa na umeme, kwa hiyo marehemu hakuuawa na umeme. Ilisema moyo wake ulisimama, jambo ambalo ni kweli. Ilimwombea peponi na ikawaasa mafundi wengine wapime afya zao kabla ya kupanda.

Ingeishia hapo, lakini Mkuu wa Nchi aliuliza kwa nini mtu afe katika wiki ya nuru, na swali la Mkuu haliachwi hewani. Jopo likaagizwa liende Mtondoo likahakiki kwa macho. Wakaenda kwa magari manne, na Chiku akawekwa kwenye la mwisho pamoja na maji ya kunywa. Ilikuwa mara ya kwanza kwa wajumbe kusimama karibu na laini ya umeme. Mzee aliyelia siku ile aliuliza kama nguzo zote huwa ndefu hivi. Wakasimama hatua arobaini kutoka kwenye nguzo, hakuna aliyewaambia wasimame hapo, na hakuna aliyesogea mbele.

Laini ilikuwa inavuma. Mjumbe mmoja akataka kujua ni sauti gani, na Mheshimiwa Ngwanda akasema ni upepo, ingawa majani ya mihogo kando ya njia yalikuwa yametulia tuli. Kisha akatoa fomu mpya iliyochapwa mjini kabla hawajaondoka. Ilikuwa na sentensi moja: Laini ya Mtondoo haina umeme. Chini yake palikuwa na kisanduku cha tofauti na nafasi za saini saba. Wajumbe sita wakatia saini wakipeana mgongo wa kuandikia. Fomu ikamfikia Chiku, pamoja na kalamu.

Chiku aliitazama nguzo. Ngazi ya Mbaruku ilikuwa bado imeegemea palepale, kwa sababu hakuna fundi aliyekubali kwenda kuichukua.

"Laini haina umeme, Mheshimiwa?" akauliza.

"Ndivyo kinavyosema Kielelezo, na ndivyo tulivyohakiki."

"Basi ngazi ile pale. Panda uishike."

Mheshimiwa Ngwanda aliitazama ngazi, akautazama waya, na kwa mara ya kwanza tangu Chiku amjue alikosa hotuba. Mwishowe akasema kwamba kupanda hakumo katika utaratibu. Chiku akamgeukia mjumbe wa pili, kisha wa tatu, akamwomba kila mmoja kwa cheo chake na kwa heshima zote, na kila mmoja akakumbuka goti lake, au presha yake, au umri wake. Mzee aliyelia siku ile akalia tena, lakini miguu yake ilirudi nyuma.

Chiku akaichukua kalamu. Kwenye kisanduku cha tofauti, kama kile ambacho kwa miaka kumi na mmoja alikijaza sifuri kila alipofunga ripoti ya mwezi, akaandika: mtu mmoja. Akamrudishia Katibu fomu. Shekimweri akaisoma, akaichana taratibu asiharibu kucha, akatoa nyingine mfukoni, maana mtumishi makini huchapa nakala mbili. Saini sita zikawekwa upya, na ya saba Katibu akaiweka mwenyewe, kwa niaba ya mhakiki. Magari yakageuza. Miezi miwili baadaye Kielelezo kilitimiza mwaka wa kumi na mbili bila kosa, na kila mjumbe alipata nishani.

Siku ile Chiku hakurudi nao mjini. Alitembea kwa miguu hadi nyumbani kwa Mwanahawa, ambaye alikuwa ndani amekaa eda, na ambaye tangu maziko hakuwa amemsemesha dada yake hata neno moja. Watoto walikuwa uani. Chiku akakaa sakafuni, mbali kidogo na mkeka. Akaeleza yote tangu mwanzo: lile KOSA aliloligonga mara mbili, wino mweupe, ukurasa ambao hakuufunua, simu aliyoipiga akiwa kwenye ngazi. Hakuomba msamaha, kwa kuwa aliona kuomba ni kumtwika mwenzake mzigo mwingine. Akaeleza na safari ya leo, sentensi moja kwenye fomu, na ngazi iliyokuwa bado imeegemea.

Mwanahawa alikuwa amekaza macho mlangoni.

"Ukawaambia wapande," akasema.

"Nikawaambia."

"Kuna aliyepanda?"

"Hakuna. Hakuna hata aliyesogea karibu na nguzo."

Mwanahawa akaitikia kwa kichwa, polepole. Akajifunika kanga vizuri mabegani.

"Basi wanajua," akasema.